Wageni wa Siafu

Ijumaa, 1 Oktoba 1982, Makongeni

Kiingereza kinanikumbusha tasnifu na Kijaluo kinanifanya nimlilie mama, kwa hiyo daftari hili nitaliandika kwa Kiswahili.

Hali yenyewe ni hii. Tangu wale wanajeshi wa anga wajaribu kupindua serikali mwezi wa Agosti, chuo kimefungwa, na sisi wanafunzi tumetakiwa kuripoti kwa chifu kila Jumatatu kutia sahihi kwamba bado tupo. Kutoka nje ya lokesheni, yaani eneo lake, bila ruhusa yake ni kosa. Mimi niko kwa kaka yangu Phares, karani wa reli, katika nyumba yake ya reli: chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa pili wa pazia ni yeye, mkewe Perez na mtoto wao Obura, ambaye anatambaa na kutia kila kitu mdomoni. Upande huu ni mimi, stovu, ndoo za maji na hadubini ya chuo.

Hadubini hiyo Daktari Kahin, msimamizi wangu, alinikabidhi mkononi mwezi wa Julai nifanyie kazi likizoni, kisha akaenda Uingereza. Hakuna karatasi. Nani angejua kwamba ingehitajika?

Chini ya kitanda nina sanduku la viatu lililojaa vichupa vya spiriti, na ndani yake kuna mbawakawa wanaoishi katika misafara ya siafu. Wadogo kama ufuta. Wananuka kama siafu, wanatembea kama siafu, na siafu wanawavumilia na hata kuwalisha. Vitabu vinawataja kurasa mbili halafu vinawaacha. Nikiwapanga wote katika spishi zao kabla chuo hakijafunguliwa, nina shahada. Nikishindwa, mimi ni shangazi wa Obura anayelala karibu na stovu.

Jumatatu, 4 Oktoba

Nimetia sahihi. Bado nipo.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mvua imeanza. Hadubini hii haina taa, ina kioo kidogo cha kunasa mwanga wa dirishani, na dirisha letu ni moja. Wingu likija, spishi zote zinafanana.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimegombana na Perez. Anasema spiriti yangu inaingia katika chakula. Nikamwambia samaki wake wanaingia katika tasnifu yangu. Akasema, "Yuora, huyo samaki unamla." Yuora ndivyo tunavyoitana, mke wa kaka na dada wa mume, neno tamu sana kwa watu wanaogombea meza moja. Anafua, anapiga pasi, anasali, anaimba pambio lile lile kutoka asubuhi. Sijui mtu anawezaje kuishi hivyo bila kurusha sufuria.

Jumapili, 17 Oktoba

Leo nimemwaibisha Phares, na sikukusudia.

Akina mama wa kanisa walikuja kumtembelea Perez baada ya ibada. Mvua iliwazuia, wakakaa na kukaa, na mwanga ulikuwepo kidogo, nami nikaona siwezi kuupoteza kwa ajili ya adabu. Mama Wacera, jirani yetu wa mlango wa tatu, akauliza ninawachomachoma nini wale wadudu kwa sindano. Nilijibu kama ninavyojibu watu wa idara. Nikasema kwa nje wanafanana kabisa, kwa hiyo dume lazima apasuliwe nitazame sehemu zake za uzazi, kwa maana kila spishi ina umbo lake.

Vikombe vikasimama hewani. Hata Obura alitoa kidole mdomoni.

"Msichana mzima," Mama Wacera akasema, "kutwa nzima anatazama... Ngai!" Halafu akacheka hadi akamwaga chai, na wengine wakaona wameruhusiwa. Phares alitoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Walipoondoka, Perez alikuja upande wangu akipangusa mikono. Nilijiandaa kwa mahubiri. Akasema, "Hebu nione." Akainama vibaya, akafumba jicho lisilofaa, nikamrekebisha. Alikaa pale muda mrefu.

"Kumbe ana uso," akasema.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu ya taifa. Wanajeshi wengi barabarani. Hatukutoka.

Ijumaa, 22 Oktoba

Sasa amekuwa kero. Kila nikitulia, pazia linafunguka: "Leo una nani?" Ati nani! Nikamwambia leo nina mtu anayehitaji kimya. Alifunga pazia polepole, na pambio likaanza upya.

Jumanne, 26 Oktoba

Siafu wamekuja Makongeni!

Maji yamewafukuza kutoka ardhini kule kwenye reli, wakapanda kwa mtaro hadi nyuma ya nyumba zetu, msafara mnene kama mkono. Mtaa mzima ulikuwa nje na majivu na mafuta ya taa. Mimi nilipiga magoti matopeni na mrija wangu wa kunyonyea, nikipiga kelele, "Msimwage! Ngojeni! Yawa, ngojeni!" Mrija una chujio, mdudu haingii mdomoni, lakini nani alijua hilo? Mama Wacera aliita watu waje waone msichana wa chuo anakunywa siafu.

Aliyewazuia wenye mafuta ya taa ni Perez. Alisimama kwenye mtaro na Obura mgongoni, akanyoosha mikono, huku siafu wakimpanda miguuni. Alinizuilia hadi nikajaza vichupa vitatu. Nilimshukuru? Nadhani nilimwambia asikanyage msafara.

Katika kichupa cha pili kuna mmoja mwenye mabega mekundu ambaye sijawahi kumwona popote. Mmoja tu. Siwezi kumgusa mpaka nipate mwanga.

Ijumaa, 29 Oktoba

Giza. Mvua. Giza.

Jumanne, 2 Novemba

Giza. Phares ameniuliza kama ni lazima ile mashine ikae dirishani ambapo kila mpita njia anaiona. Nikasema mwanga uko dirishani. Akasema mwezi wa Agosti wanajeshi walikuwa wanapita madirishani, nyumba hadi nyumba, wakiuliza risiti ya kila redio, na asiye na risiti alipandishwa lori. Nikamwambia Agosti imepita. Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto akicheza na kiberiti. Ananiudhi, lakini leo kwa mara ya kwanza nimeona kwamba haogopi kwa ajili yangu peke yangu. Nyumba ni ya reli, kazi ni ya reli. Neno moja baya, sote tuko nje.

Jumatatu, 8 Novemba

Nimejiponza. Nitaandika yote nilivyoyasema, ili nikisoma kesho nijichukie vizuri.

Chifu Kilonzo kwa kawaida hanitazami. Leo, kabla sijashika kalamu, akasema, "Wewe ndiye wa siafu. Unafanya nini kutwa nzima pale kwa kaka yako?"

"Nafanya uchunguzi, Chifu."

"Uchunguzi wa nani?"

Hapo mtu mwenye akili angesema wadudu. Mimi, kwa kiburi cha tasnifu, nikasema, "Kuna kikundi kisichojulikana sana. Kinaishi kwa kujificha ndani ya jeshi kubwa. Kinajifanya ni wenzao, mpaka wale wenyewe wanakilinda na kukilisha."

Akavua miwani. Karani wake akaacha kupiga taipu.

"Ndani ya jeshi?"

"Ndiyo, Chifu. Nimekifuata miaka miwili."

"Na viongozi wake ni akina nani?"

Nikacheka. Loo, nilicheka mbele ya chifu, miezi mitatu baada ya mapinduzi! Nikasema upesi, "Chifu, ni wadudu tu."

"Nyinyi wanafunzi ndivyo mnavyotuita siku hizi? Wadudu?"

"La, Chifu! Wadudu wenyewe. Jeshi la siafu."

"Na darubini? Nimeambiwa una darubini dirishani. Unatazama nini huko mbali?"

"Haitazami mbali. Inatazama karibu."

"Karibu na nini?"

Nilimwonyesha kwa vidole viwili vilivyokaribiana. Hakupiga kelele, hata kidogo. Alivaa miwani yake, akasema, "Alhamisi nitakuja mwenyewe na askari. Utanionyesha hicho kikundi kwa macho yangu. Nikikiona, vema. Nisipokiona, utakwenda ukakieleze kwa wanaojua kuuliza."

Nimetia sahihi.

Jumanne, 9 Novemba

Nilimweleza Phares jana.

Leo jioni nilikwenda bombani kuchota maji, foleni ndefu, na niliporudi nilimkuta mlangoni, viatu vyake vimejaa tope jekundu la mtoni. Dirishani hapakuwa na kitu.

"Imekwenda," akasema. "Nimeitia katika gunia na kuitupa mtoni, kule nyuma ya reli. Wakija hawatakuta darubini. Hakuna darubini, hakuna kesi."

Sikumpiga. Nilitamani.

Jumatano, 10 Novemba

Yuko kazini sasa, kwa hiyo naweza kuandika na kulia bila kuonewa huruma.

Phares hajui alichofanya. Nilimwambia asubuhi na hakuelewa, au alielewa na hakutaka: ile hadubini ndiyo ilikuwa ushahidi wangu! Bila ile, nitamwonyesha chifu nini? Vichupa vya vumbi. Macho ya mtu hayaoni mdudu pale, yanaona chembe zinazoelea katika spiriti. Nitasema, "Chifu, hiki hapa kikundi," naye atasema namfanya mjinga. Kaka yangu amenifunga kwa mikono yake mwenyewe akidhani ananifungua.

Na kukimbia siwezi. Nikivuka Barabara ya Jogoo bila ruhusa nimejithibitishia kosa. Nikirudi kwa mama, watamfuata mama. Nimekaa kitandani nikitazama ukuta ambao naufikia kwa mguu bila kunyanyuka.

Miaka miwili, msituni kwa magoti, nikiumwa mpaka kope. Na yule wa mabega mekundu sikuwahi kumfungua.

Namchukia Perez pia. Alikuwa ndani Phares alipofunga lile gunia. Nilimwuliza, "Ulimwona ukanyamaza?" Akajibu, "Nilimwona." Basi. Akaniwekea ugali mbele. "Kula, yuora." Kula! Nilimwambia yeye ni mke wa kuitikia kwa kichwa, ndiyo bwana, ndiyo bwana, na kwamba ukimpasua hutakuta kitu ndani. Nilimwambia hivyo hasa. Alichukua karai la nepi akatoka nje kufua kwenye mvua.

Alhamisi, 11 Novemba

Walikuja saa nne. Chifu Kilonzo, askari wawili, na nyuma yao nusu ya mtaa. Phares aliomba ruhusa kazini, akasimama mlangoni na tai yake. Nilimimina vichupa viwili katika sahani nyeupe. Chifu aliinama.

"Hii ni pilipili manga," akasema.

"Ni wadudu, Chifu. Ni wadogo tu."

"Na darubini iko wapi?"

Phares akasema, "Mzee, hapa hakuna darubini. Ni maneno ya watu."

Mungu wangu, nilitaka ardhi inimeze. Askari mmoja tayari alikuwa amenishika juu ya kiwiko. Ndipo Perez akatoka nyuma ya pazia na karai lake la nepi, lile la jana, linalonuka hata shetani angepita mbali. Akaliweka chini katikati ya chumba. Akatoa nepi moja moja. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko, kavu kabisa, hadubini ya chuo.

"Iko hapa, Chifu," akasema. "Niliiweka mahali ambapo wanaume hawatii mikono."

Phares akalegeza tai yake.

Niliweka kioo, nikieleza kwamba ni ya chuo na nilikabidhiwa na Daktari Kahin aliye Uingereza, nikapata mwanga, nikamwomba chifu afumbe jicho la kushoto. Alitazama. Akaondoa jicho, akatazama sahani, akarudi.

"Huyu ana nywele! Na miguu... Na hiki kinachotokeza nyuma?"

Nikamwambia ni nini, na kwamba ndicho kinachotofautisha spishi. Chifu Kilonzo akakohoa. Mama Wacera, mlangoni, akasema kwa sauti ya mshindi, "Si niliwaambia!" Hata askari alicheka, akaniachia mkono.

"Kikundi chenyewe ndicho hiki," chifu akasema. "Haya. Ikae hapa mpaka huyo Daktari arudi, na mtu asiiguse. Jumatatu uje kutia sahihi." Hakuniomba radhi. Sikutegemea.

Walipokwenda, Phares akauliza polepole, "Basi mimi nilitupa nini?"

"Pasi," Perez akasema. "Pasi yangu ya makaa. Ulipokwenda kutafuta kamba nilibadilisha. Uzito ulikuwa karibu sawa."

Nilimkumbatia na nepi zake. Niliomba msamaha kwa yale ya jana, nikilia kama Obura. Nikamwuliza kwa nini alifanya hivyo, maana hata "asante" ya siafu sikumpa.

"Nikitazama mle ndani natoka nje kidogo," akasema.

Mimi nilidhani katika nyumba hii aliyefungiwa ni mimi.

Jumatatu, 15 Novemba

Sahihi. Mwanga mzuri. Nimepasua madume manane. Perez alikaa na mimi baada ya kufua, akatazama kila mmoja kabla na baada.

Ijumaa, 19 Novemba

Watoto wa mtaa wa Kaloleni waliopoa gunia mtoni, wakapita mlango kwa mlango kuuliza nani amepoteza pasi. Mama Wacera aliitambua kwa mpini wake uliofungwa waya. Sasa kila mtu anajua kwamba Phares alikwenda mtoni kuzamisha pasi ya mkewe. Kazini wanamwita Bwana Pasi. Amerudi leo, amekula bila kuinua macho, na shati lake halijapigwa pasi.

Jumatano, 24 Novemba

Nimempata!

Yule wa mabega mekundu ni dume. Nilimfungua saa nne asubuhi, jua likiwa kali kati ya mawingu, na sehemu yake ina ndoana mbili zilizopindana. Nimepitia michoro yote niliyo nayo. Hakuna mwenye ndoana hizo. Ni spishi mpya, imetoka katika mtaro wetu, na mtu wa kwanza duniani kuijua ni mimi. Wa pili ni Perez.

Nikamwambia nitampa mdudu jina lake. Alikataa katakata.

"Mdudu wa kujipendekeza ale vya wenyewe? Mpe jina la mgeni. Mimi hapa ni kwangu."

Jumapili, 28 Novemba

Phares alingoja tumalize kula. Alizungumza kwa upole, na hilo ndilo lililoniogopesha.

Alisema hakasiriki juu ya pasi. Alisema mwanamume anaweza kukosea akafichiwa aibu na mkewe, lakini yeye mkewe alimwacha aseme uongo mbele ya chifu na mtaa mzima, huku ukweli umekaa katika karai. Alimwacha asimame pale na tai. Akasema kila akiona ile mashine dirishani anaona siku ile.

"Sitaweza kukaa na vyote viwili," akasema. "Ama chombo hiki kipelekwe kwa chifu kikae huko, ama mama Obura aende akapumzike kwa mama, nyumbani Gem, mpaka nitakapotulia. Truphena, wewe ndiye mwenye kazi. Sema."

Kwa chifu kuna stoo yenye uvujaji, na hatanipa kila siku. Nilijua hivyo. Nilijua pia jibu lililotakiwa. Lilikuwa neno moja: chombo. Nilimfikiria yule wa mabega mekundu, michoro iliyobaki, Januari, chuo kikifunguliwa, na nikangoja kidogo ili nilipange vizuri.

Perez akasimama, akakusanya sahani. "Nitaenda," akasema. "Kuna kupalilia."

Ningeweza kusema hata wakati huo.

Jumanne, 30 Novemba

Nilikwenda kwa Chifu Kilonzo kuomba ruhusa nimsindikize hadi Gem, nizungumze na mama. "Nje ya lokesheni? Wewe? Hapana." Akaniuliza wadudu hawajambo.

Jumatano, 1 Desemba

Phares amemletea pasi ya reli, daraja la tatu, kwenda tu. Perez aliitazama akasema, "Nimepoteza pasi moja nimepewa nyingine," na akacheka peke yake. Alimfunga Obura mgongoni. Kabla ya kutoka alikuja dirishani akainama juu ya hadubini, akafumba jicho linalofaa.

"Umemweka vizuri huyu," akasema. Hakusema kwaheri kwa maneno mengine, na mimi nilishika mzigo wake hadi kona ya barabara, kisha Phares akaupokea.

Jumamosi, 4 Desemba

Kufua, bombani, sokoni, kuchambua maharagwe, kufagia maji yaliyoingia. Sikutazama mdudu hata mmoja.

Jumatatu, 6 Desemba

Nimetia sahihi nikarudi mbio. Nilikuwa nimemweka yule wa mabega mekundu chini ya lenzi na penseli nimeichonga, mchoro wa mwisho wa ndoana zake, kazi ya saa moja tu. Nikasikia viatu vya Phares mlangoni, amerudi mapema. Akakaa upande wa pili wa pazia.

"Chai iko wapi?" akauliza.

Nikasema inakuja. Nikaweka penseli chini, nikaenda kuwasha stovu.